Jani Lililoliwa na Kiwavi

Kitendawili: mzima hafai kitu, aliyeliwa ndiye tabibu.

Ukishindwa, nipe mji. Tamihana alishindwa. Alinipa Sydney yote na maghorofa yake, nikaikataa. Nikamwambia Sydney ni mji wa kupita, nipe mji wa kukaa. Akajikuna kichwa, akasema, "Basi chukua Hokianga."

"Hokianga ni kwetu. Huwezi kunipa kilicho changu."

Siku hiyo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni kwangu na kikohozi cha wiki mbili na mfuko wa majani ya kawakawa, mti wetu wa dawa. Alikuwa seremala aliyeitwa kuezeka upya nyumba ya ukoo wetu. Damu yake ni ya hapa hapa, lakini wazazi wake walihamia Australia kabla hajaota meno. Watu wakamwambia, kachume kawakawa, mpelekee Makere akuchemshie. Akaingia kichakani akachagua kama mtu anayechagua pete ya uchumba: majani mapana, yanayong'aa, yasiyo na doa wala tundu. Alipoyamwaga mezani nilicheka mpaka nikashika kiti.

"Nani amekufa?" nikamwuliza.

"Kwa nini?"

"Haya mazima ni ya msiba. Ndiyo tunayosokotea mataji ya kuvaa makaburini, maana yanapendeza. Ya kunywa ni yaliyotobolewa. Kiwavi hali jani lisilo na nguvu. Yeye ndiye mganga wa kwanza, sisi tunamfuata nyuma."

Akayatazama majani yake kama mtu aliyezabwa kofi na mtoto. "Kumbe nimekuletea mazishi mazima."

"Umeniletea taji. Kaa, nitakuchumia mengine."

Kile kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu nimzike Hohepa.

Kwetu mjane hajawa huru mpaka jiwe la kaburi lifunuliwe shuka lake, na jiwe hufunuliwa mwaka ukitimia. Mimi nilikuwa na mwezi mmoja tu. Hohepa, mume wangu, aliangukiwa na gogo msituni alikokuwa akikata miti, akaniacha na miaka arobaini na mitatu, bila mtoto, na mama yake wa kumlea. Kwa hiyo mimi na Tamihana tulikunywa chai. Ni hilo tu. Kila asubuhi kabla hajapanda paani alipita jikoni, nikamwekea kikombe, na mama mkwe wangu Pirihira akaketi katikati yetu na shali yake begani kama askari wa mpakani.

Majani ya kujaza kiganja, maji yachemke taratibu mpaka yageuke rangi ya asali changa, kipande cha tangawizi, asali kijiko kimoja. Inauma ulimi kidogo kama pilipili manga, halafu inakushuka kifuani kama mkono wa mtu anayekupenda. Wiki ya pili kikohozi cha Tamihana kilipona. Wiki ya tatu akaja bado anakohoa.

"Hicho kikohozi mbona kimebadilika sauti?" nikamwuliza.

"Kimehamia ndani zaidi."

"Ndani wapi?"

Akainamia kikombe chake. "Usinilazimishe kusema mbele ya mama mkwe wako."

"Sema tu," akasema Mama Pirihira. "Mimi kiziwi."

Naye hakuwa kiziwi hata kidogo.

Ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Alikuwa anasahau. Alianza kwa kusahau miwani, akasahau majina ya wajukuu wa dada zake, na mwisho, Mungu ni mwema na ni mkali pia, akasahau kwamba mwanawe amekufa. Kila asubuhi aliniuliza, "Hohepa kaenda kazini?" nami nikamjibu, "Kaenda kazini, Mama." Akaridhika. Kisha akafunua birika la chai, akaopoa jani moja kwa kijiko na kuliinua kuelekea dirishani ili mwanga upenye kwenye matundu.

"Leo nyota saba," husema. Au tisa. Akishahesabu nyota zake, hunywa. Asipokunywa chai hiyo hali chochote, na nisiyoichemsha mimi haigusi. Nesi wa kijiji alijaribu, akamiminiwa mapajani. Binamu yangu alijaribu, akaambiwa akawanyweshe ng'ombe.

Tamihana naye akajifunza kuhesabu. Nikiinua macho nilimkuta akinitazama kupitia jani, jicho moja kwenye tundu, kama mtoto. Nikageuka upesi kuelekea jiko, nikapangusa sufuria iliyokuwa safi. Miezi ikapita hivyo. Hajanigusa hata kidole. Lakini naapa, hakuna mwanamke Hokianga nzima aliyekuwa ameshikwa kama mimi.

Januari ikaja simu. Binti yake Ngaio, huko Sydney, figo zake zimegoma. Mara tatu kwa wiki afungwe kwenye mashine ya kusafisha damu, na ana watoto wawili wadogo, na mume alipoona mashine alikimbia. Tamihana akaenda, akarudi, akaenda tena. Mara ya mwisho alirudi amekonda.

"Nimemwomba jirani awatazame mpaka Pasaka," akaniambia. "Jiwe la Hohepa litafunuliwa Jumamosi ya Pasaka. Sikutaka kukuomba kabla, nisije nikamkosea marehemu. Jumatatu nitavuka na pantoni ya adhuhuri, niwahi ndege. Make, tuvuke pamoja."

Nikasema ndiyo. Sikuzungusha maneno. Nikasema ndiyo kama mtu aliyekuwa ameishikilia mdomoni mwaka mzima.

Jumamosi jiwe likafunuliwa. Watu walikuja kutoka pande zote, tumevaa mataji ya kawakawa, wanawake wakalia kilio cha kuitana na wafu. Mama Pirihira alifikiri jiwe ni la mumewe, akamlilia mumewe kwa adabu, akaomba mkate wa kukaanga. Baada ya chakula, wifi yangu Waimarie akasimama. Waimarie ni dada yake Hohepa, anaishi Auckland, ana ofisi, ana kucha.

"Nimesikia wifi yetu ana safari," akasema. "Jiwe bado lina unyevu wa shuka, yeye ameshafunga sanduku!"

Watu wakaguna. Nilitamani sakafu inimeze.

"Mwaka umetimia, Waimarie," akasema mjomba mmoja. "Sheria ameitimiza."

"Sheria kaitimiza. Na mama yangu je, ametimizwa na nani?"

"Mama yako ana binti," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. "Miaka sita namwogesha mimi. Nakuomba umchukue, wifi. Sikuombi fedha wala shamba. Mchukue."

Waimarie akacheka. "Nimchukue? Nitamchukua kesho! Nina chumba, nina bafu lenye vishikio. Wanasema eti hanywi chai mpaka uchemshe wewe. Chai ya majani ya porini! Kwani mkono wako umepakwa asali, wifi?"

"Basi mchemshie," akasema yule mjomba. "Jumatatu asubuhi. Akinywa kwa mkono wako, nenda naye Auckland, na Makere aende na mtu wake. Asipokunywa, tutakaa tena."

Wakakubaliana hivyo. Maisha yangu yaliyobaki yakawekwa ndani ya kikombe kimoja.

Jumapili jioni mvua ikaanza. Jumatatu alfajiri ilikuwa bado inanyesha, na kwetu hatuchumi dawa mvuani, ingawa kichaka kiko hatua thelathini tu kutoka nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimeweka kando majani makavu kwenye kopo. Nikakusudia kumwonyesha Waimarie. Nilipotoka chumbani nimeshavaa nguo za safari, nikakuta jiko linawaka na maji yanatokota.

"Nimeamka mapema," akasema Waimarie kwa furaha. "Usije ukasema nimebebwa."

Nikachungulia sufuria.

Majani yalikuwa mapana, yanang'aa, mazima. Hata moja halikuwa na tundu. Nikageuka kutazama barazani, nikaiona beseni karibu na bomba, yenye matawi yaliyobaki Jumamosi tulipokuwa tukisokota mataji. Nusu ya matawi yalikuwa yamenyofolewa majani.

Wifi yangu aliondoka hapa ana miaka kumi na sita. Alikuwa amesahau. Kwake majani ni majani.

Kinywa changu kilifunguka. Nilitaka kusema, "Wifi, mwaga, hayo ni ya wafu." Sentensi fupi tu. Lakini niliona saa ukutani, saa moja na robo, na sanduku langu mlangoni, na nikamwona Tamihana na kikombe chake upande wa pili wa maji. Nikajiambia: Mama amesahau kifo cha mwanawe wa kumzaa, atakumbuka jani? Leo atakunywa, na dunia haitapasuka.

Nikafunga mdomo. Nikaketi.

Waimarie akamleta mama yake mezani, akamfunga shali, akammiminia. Akaweka asali vijiko vitatu.

"Hohepa kaenda kazini?" akauliza Mama Pirihira.

"Kaenda kazini, Mama," nikasema.

"Mbona leo umevaa viatu vya barabarani?"

"Kuna baridi, Mama."

"Kunywa, Mama," akasema Waimarie. "Nimekuchemshia mimi, Waimarie wako. Nusa. Tamu!"

Mama akanusa. Akatabasamu. Akainua kikombe mpaka mdomoni na moyo wangu ukaruka, Mungu anisamehe, uliruka kwa furaha. Kisha akakumbuka. Akakiweka chini. Akafunua birika, akachukua kijiko chake, akaopoa jani, akaliinua kuelekea dirishani.

Mwanga haukupenya. Akaligeuza. Akalisogeza karibu na jicho. Akaopoa la pili. Akaopoa la tatu. Akayapanga matatu kwenye kisahani taratibu, moja kando ya jingine.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mama. Kunywa, inapoa."

"Waimarie, wewe upo." Akatuhesabu kwa kidole. "Makere yupo. Mume wangu nilimzika zamani, namkumbuka. Haya mnayachemsha kwa ajili ya nani? Hohepa yuko wapi?"

Nilivuta pumzi niseme kaenda kazini. Neno nililolisema kila asubuhi mwaka mzima. Waimarie akanitangulia. Hakukusudia ubaya, alikuwa ameishiwa subira na alifikiri ukweli ni dawa.

"Mama, Hohepa alifariki. Mwaka sasa. Juzi tumefunua jiwe lake, na wewe ulikuwepo."

Sijawahi kuona uso ukifunguka vile. Hakupiga kelele. Alitutazama mimi na wifi yangu, mmoja baada ya mwingine, kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Na mimi nilikuwa wapi," akasema, "alipozikwa mwanangu?"

Akanyanyuka bila fimbo. Akatoka barazani, akaketi sakafuni kando ya beseni, akaokota matawi yaliyobaki, na vidole vyake vilivyosahau kufunga kifungo vikaanza kusokota. Vilikuwa havijasahau. Akalivaa taji kichwani, akaelekeza uso makaburini, akaanza kulia kile kilio chetu cha kwanza, cha siku ya maiti kufika. Mbwa wa jirani wakanyamaza.

Waimarie alisimama mlangoni amejishika mdomo. Mimi nilipiga magoti kando ya mama, nikalia naye. Nilimlilia Hohepa. Na nilikuwa nalia mengine pia, nayajua mwenyewe.

Ndipo gari la Tamihana likasimama nje. Alivua kofia akiwa bado kwenye tope. Hakuuliza. Akapanda baraza, akainama, akagusisha pua yake na pua ya Mama kwa salamu ya kwetu, akaketi sakafuni na sisi mpaka kilio kikaishiwa na nguvu. Waimarie akamchukua mama yake kumlaza.

Tukabaki sisi wawili na beseni.

"Niliyaona," nikamwambia. "Yakiwa sufuriani. Nilijua ni ya msiba, nikanyamaza."

"Ulinyamaza kwa ajili yangu."

"Ndiyo. Ningenyamaza na zaidi ya hapo. Hilo ndilo linaloniogopesha."

"Make, kila mtu hukosea."

"Hukosea. Lakini mimi nimemwua Hohepa mara ya pili mbele ya mama yake, ili nipate kiti kwenye pantoni."

Akaisukuma beseni kando, akasema, "Twende naye. Wote watatu."

"Sydney? Anahitaji kushikwa mkono kufika chooni kwake mwenyewe. Na hayo majani, uliniambia mwenyewe uwanja wa ndege huyatupa. Atahesabu nyota gani huko?"

"Basi nibaki."

"Na Ngaio?"

Ukimpenda mtu unajua swali gani litamwumiza, na mimi nilimwuliza hilo hilo.

"Leo ni Jumatatu," akasema polepole. "Kesho ni siku ya mashine."

"Basi una jibu lako, na mimi nina langu. Hatujakosana, Tamihana. Tumefanana tu."

Waimarie akatokea mlangoni. Rangi ya macho imemmwagikia mashavuni.

"Wifi," akasema. Sauti ya Jumamosi ilikuwa imekwisha. "Nenda. Nakuambia kwa moyo mmoja, nenda na mtu wako. Nitajifunza kuchuma."

"Utajifunza, wifi. Najua utajifunza. Lakini yeye hana siku za kukungoja."

Akaja akanikumbatia, kucha zote mgongoni, na mara ya kwanza katika miaka ishirini alinilalia begani.

Mvua ikakatika saa nne. Nilimsindikiza Tamihana mpaka langoni. Sanduku langu lilibaki pale lilipokuwa, na sote wawili tulilipita bila kulitazama.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nimeketi naye mezani mwaka mzima, sijamgusa, na harufu yake haitanitoka."

Nilijua jibu. Mtoto wa chekechea angelijua. Nikashindwa kulitamka.

"Umeshindwa," akasema. "Nipe mji."

"Sina, Tamihana. Ninao huu mmoja tu, na wewe huwezi kuukaa."

Akasogea. Akaweka paji la uso wake kwenye paji langu na pua yake kwenye pua yangu, kama tunavyosalimiana na kuagana kwetu, tukavuta pumzi moja. Watu huvuta mara moja, wakaachana. Sisi tulivuta mpaka gari la posta likapita na likarudi. Pumzi yake ilikuwa na kawakawa.

"Nilitaka kukupa hii kwenye pantoni," akasema, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. "Nilichuma jana mchana, kabla ya mvua. Upande wa mashariki, kama ulivyonifundisha. Nikasema tunywe njiani, kikombe cha mwisho kabla hawajatunyang'anya."

Akaingia garini. Hakupiga honi. Nilibaki langoni mpaka sauti ya injini ikachanganyika na sauti ya mto.

Mama Pirihira aliamka adhuhuri. Aliketi kitandani, akagusa kichwa chake, akakuta jani moja lililonasa kwenye nywele, akalitazama bila kulitambua na kuliweka kando. Alikuwa amesahau. Nilimshukuru Mungu na nikamwonea wivu mama.

"Makere, leo hunipi chai?"

"Nakuletea, Mama."

Nikafungua fundo juu ya meza. Majani ishirini na moja. Niliyageuza moja moja, nikitafuta kosa, nikitafuta walau moja zima, linalong'aa, la yule mwanamume wa siku ya kwanza, nilicheke. Halikuwepo. Yote yalikuwa yametobolewa kama chekeche. Nikachemsha taratibu mpaka rangi ya asali changa.

Mama akafunua birika, akaopoa jani, akaliinua kuelekea dirishani. Mwanga ukamwagika usoni mwake, nukta nukta.

"Yee! Leo hazihesabiki," akasema. "Nani kachuma?"

"Fundi wa paa, Mama."

"Anajua kuchuma huyo." Akanywa, akafumba macho, akakohoa kidogo kwa raha. Kupitia dirisha hilo hilo niliiona pantoni ikikata maji kuelekea ng'ambo, nyeupe, ndogo kama kisahani. "Hohepa kaenda kazini?"

"Kaenda kazini, Mama."

Akanywa tena.

"Na mwenye majani haya, yeye kaenda wapi?"

Nikavuta kiti, nikaketi mahali alipozoea kuketi yeye, nikajimiminia.

"Naye kaenda kazini, Mama."